Siku tano Mombasa kisa shimo la kokoto

ALHAMISI

Nimetoka Tanga saa moja asubuhi na hiace ya Horohoro, begi moja mgongoni na mfuko wa machungwa ya Muheza kwa ajili ya mamdogo, maana kwenda kwake mikono mitupu siwezi, utasemwa mpaka mwakani.

Safari yenyewe sababu yake ni shimo. Babu alituachia eka mbili na ushee nje kidogo ya mji, na zamani hizo mzee wetu alikodisha kipande kwa watu wa mawe na kokoto, wakachimba wakachimba mpaka wakafika kwenye mwamba ambao nyundo inadunda tu, wakakusanya vyao wakaondoka. Saivi pale pana shimo kama nusu ya uwanja wa mpira, jeupe, mchana linawaka kama kikaango na masika linajaa maji ya mbu. Mbuzi wawili wa jirani washavunjika miguu humo. Kaka zangu wanataka tumpe mtu mmoja anayetafuta pa kumwaga taka, hela nzuri kiukweli, mimi nikaomba wanipe mwezi mmoja nifikirie. Ndo katika kuuliza uliza nikaambiwa Haller Park ya Bamburi, ile yenye twiga na viboko, chini yake ni shimo la machimbo ya saruji. Mimi miaka yote najua ni zuu tu ya wazungu! Nikasema isiwe tabu, nikajionee.

Mpakani pale Horohoro haikuchukua muda, unavuka Lunga Lunga upande wa Kenya, unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia mulemule, unabadilisha hela kwa wale jamaa wenye mabunda (hesabu mara mbili, mi nishaumia huko nyuma) alafu matatu mpaka Likoni. Njia nzima mvua, minazi, miwa ukifika maeneo ya Ramisi, dereva taarabu kafungulia hadi viti vinatetemeka. Feri kama kawaida yake, geti likifunguliwa watu wanashuka ule mteremko kama wamefukuzwa, na mimi na machungwa yangu nikakimbia nao, sijui hata tulikua tunakimbilia nini maana meli haiondoki hadi ijae.

Kisauni nimefika saa kumi. Mamdogo kanipokea na mahamri na mbaazi alafu ndo akauliza.

"Haya, niambie. Watoka Tanga mvua yote hii waja kutazama nini?"
"Shimo, mamdogo."
"Shimo?"
"La Bamburi. Lile walilopanda miti."
"Na kwenu Tanga hamna mashimo?"
"Tunalo moja, ndo maana nimekuja."

Akaniangalia, akaangalia machungwa, akasema kula mwanangu, wewe hujala.

IJUMAA

Mvua tangu alfajiri, hakuna pa kwenda. Swala, pilau, kulala, kuamka, chai.

Ila jioni baba mdogo kaanza kusimulia na hapo nikatoa daftari. Yeye kakulia Bamburi hiyohiyo, anasema walivyokua watoto walikua wakipita ukingoni pale mchana mnafumba macho, kweupe, hakuna hata kunguru. Jiwe lenyewe ni matumbawe, yaani chini ya miguu yetu huku pwani yote ni bahari ya zamani iliyokauka ikawa jiwe, linapondwa, linachanganywa na udongo wa mfinyanzi, linachomwa kwenye tanuru, saruji hiyo. Kiwanda kilianza kutoa saruji 1954. Wakawa wanachimba kushuka hadi wanakaribia maji, na maji yenyewe ya chumvi kwa sababu bahari iko hapohapo, basi wakifika hapo wanasogea mbele na nyuma wanaacha sakafu ya jiwe tupu, hakuna udongo hata wa kujaza kikombe.

Nikamuuliza sasa ilikuaje. Akasema kulikua na Mswisi mmoja, René Haller, mtu wa bustani. Aliingia kiwandani hapo 1959 na kabla ya hapo alikua huku kwetu, Tanganyika ya wakati ule, kwenye mashamba ya kahawa. 1971 ndo wakaanza kupanda ndani ya shimo.

Mamdogo kutoka jikoni: "Na saa hizi kiwanda chenyewe si mmekinunua nyinyi Watanzania? Basi shimo lenu hilo, wauliza nini."

Kweli, mwisho wa 2024 kampuni ya Amsons ya Tanzania walikinunua. Nikasema mamdogo basi kesho naingia bure, mimi mwenye mali. Akacheka hadi akaacha maandazi yakaungua, mawili ndo nikapewa mimi.

JUMAMOSI

Leo ndo leo. Nimeongozana na mjukuu wa mamdogo, ana miaka tisa, ananiita mjomba na anaongea kuliko redio. Matatu ya Mtwapa, mnashuka barabara ya Malindi getini kabisa. Nimelipa bei ya Afrika Mashariki, mwenye mali hakuna aliyemtambua.

Kitu cha kwanza, unashuka. Hiyo nilikua nimeisahau, kwamba msitu uko chini. Unatoka barabarani kwenye kelele na jua, njia inainama kidogo alafu joto linakatika kama mtu kafungua friji. Juu mivinje mirefu, ile miti yenye majani kama nyuzi, inalia ule mlio wake, shhhh, kama bahari ila bahari haipo. Pembeni ukiangalia vizuri unaona ukuta wa jiwe umekatwa wima, umefunikwa na mizizi ya mitini, ni ule ukingo wa machimbo. Asiyejua anapita tu, mimi nilisimama hapo kama dakika tano nagusa ukuta kama mjinga na dogo ananivuta shati, mjomba viboko, mjomba viboko.

Haya twende kwa viboko. Wako kwenye bwawa la kijani, pua tu ndo zinaonekana. Hapa kila mtu anauliza habari ya Owen, na kwa ambaye hajawahi kuisikia ni hivi. Desemba 2004 mvua kubwa ziliujaza mto Sabaki kule Malindi, viboko wakasombwa hadi baharini, alafu tarehe 26 ikaja tsunami. Akabaki ndama mmoja kakwama kwenye miamba, watu wa Malindi wakahangaika naye na nyavu, mzigo wa kilo kama 300 unaoteleza na wenye hasira, wakampata, akapewa jina la mmoja wa waliomkamata. Akaletwa hapa. Kufika tu akakimbilia nyuma ya kobe mkubwa wa Aldabra anaitwa Mzee, umri wake walikua wanasema kama miaka 130, akajificha hapo kama anavyojificha kwa mamake. Mzee mwanzo alimkimbia (kwa mwendo wake), baadaye wakawa wanakula pamoja na kulala pamoja, picha zikazunguka dunia nzima. Dogo ana nadharia yake kwamba kiboko aliona rangi moja na umbo moja akajua ndo mama. Sijapata hoja ya kumpinga.

Makobe wengine wa hivyo wanazurura njiani humohumo, unapishana nao kama wazee wanaotoka msikitini.

Saa tano kulisha twiga. Unapanda kwenye kijukwaa, unapewa punje za chakula kiganjani, anakuja kichwa kikubwa na kope kama bibi harusi, ulimi mrefu rangi ya zambarau iliyoiva unakufagia mkono mzima. Unakwaruza kama msasa laini na unakuachia ute hadi kwenye kiwiko. Nilijipangusa na leso yangu ya kutokea msikitini, ndo mjue hali ilivyokua.

Ila mimi kilichonileta sio twiga. Nikamtafuta mmoja wa waongozaji, kijana mtaratibu, nikamweleza nina shimo nyumbani, si utani, nataka kujua waliwezaje. Nadhani hajazoea kuulizwa hivyo maana aliacha kundi lake kwa mwenzake tukatembea.

Kasema walijaribu aina 26 za miti. Walitoboa mwamba, wakatia miche, wakangoja. Jua linapiga jeupe linarudi juu, sakafu inafika nyuzi joto 40, mizizi inashuka inakuta chumvi. Baada ya miezi sita iliyobaki hai ni aina tatu tu: mvinje, damasi (mti wa asili ya Somalia) na mnazi. Basi. Ishirini na tatu zilikufa. Mi hapo moyo ulishuka kidogo maana nilikua nishaanza kuota miembe ya dodo kwenye shimo langu.

Mvinje ndo ukashinda wote. Kwanza chumvi hauiogopi, tunauona ufukweni kila siku. Pili una vinundu kwenye mizizi kama vya kunde, ndani wanaishi bakteria wanaokamata naitrojeni ya hewani, kwa hiyo mti unajitengenezea mbolea wenyewe, hausubiri udongo. Unakua haraka, unaleta kivuli, mnashangilia.

Alafu shida nyingine. Yale majani yake kama nyuzi yakawa yanadondoka yanakaa vilevile. Hayaozi! Yana tanini nyingi, wadudu wadogo hawayataki, yakawa yanalundikana tu juu ya jiwe, mkeka mkavu wa kahawia. Miti ipo, udongo hakuna. Na bila udongo hakuna mti mwingine utakaoota hapo.

"Sasa wakafanyaje?"
Kijana akainama akaokota kitu, akaniwekea mbele ya uso. Jongoo.

Jamani. Mimi na jongoo tangu utoto hatuelewani, nilishawahi kumkuta mmoja ndani ya kiatu cha shule. Nilirudi nyuma hatua tatu, dogo akacheka akampokea mkononi kama pipi. Ni wale weusi wenye miguu myekundu, mnene kama kidole, miguu inakwenda mawimbi mawimbi.

Anasema huyo Haller siku moja alimuona jongoo wa aina hii anatafuna hayo majani ya mvinje. Akatuma watu waende mashamba ya karibu wakaokote majongoo kwa mamia, wakaja kuyamwaga humu. Jongoo anakula jani, anatoa kinyesi, kile kinyesi bakteria wanakiweza, kinageuka udongo. Ndo hivyo tu, hamna siri nyingine. Sisi tumelelewa kwamba ukimtupa jongoo umtupe na mti wake, mwenzetu akamfuata jongoo huko alikotupwa akamleta na mti akampa. (Na nyie wa utani wa mtungi nawajua, tulieni.)

Nikaomba kijiti. Pembeni ya njia nikafukua. Juu nyuzi kavu, chini yake nyuzi zilizokatikakatika, chini yake vidonge vidogo vyeusi kama punje za pilipili manga, chini ya hapo udongo mweusi, laini, unanuka mvua. Kidole changu cha shahada kikazama chote. Nikaendelea na kijiti, nikasikia tik. Jiwe. Hicho kidole na kidogo ndo kazi yote ya miaka hamsini na ushee, na juu yake kuna msitu una tumbili na wanyama kama pofu na kuro.

Kijana akaona nimenyamaza, akaongeza kwamba kila kitu kilifuata zamu. Udongo ukipatikana wakaanza kupunguza mivinje, magogo yakatumika, kwenye nafasi wakatia miti ya asili ya pwani. Mabwawa yakawekwa samaki, ndege wakaja wenyewe na mbegu zao matumboni. Watu walifunguliwa mlango 1984, hilo jina la Haller Park limekuja baadaye tu. Hapo nilitaka kumkumbatia lakini mkono bado ulikua na ute wa twiga.

Mamba nimewapitia tu. Mamba ni mamba.

JUMAPILI

Nimerudi Bamburi peke yangu, safari hii ng'ambo ya barabara kwenye zile njia za msituni ambazo watu wanakimbia na kuendesha baiskeli. Nayo ni machimbo ileile. Kuna familia zimekuja na majiko na masufuria, vijana wanapiga pushapu, mabwawa yametulia, na kuna sehemu ya vipepeo. Nimekaa kwenye gogo nikapiga hesabu zangu.

Na niseme ukweli, nilikua na kinyongo kidogo. Hawa ni kampuni, walikua na hela, mitambo, mtu wa kulipwa kwa kazi hiyo, na shimo wenyewe ndo walilichimba, kurudisha ni deni lao. Sisi tuna shimo, majembe mawili na kaka zangu. Lakini ukitoa mitambo, kilichofanya kazi pale ni mti ambao hauuzwi ghali na mdudu ambaye tunamkanyaga. Hela zao hazikumlazimisha jongoo ale haraka.

Nikatafuta kitalu huko njiani, vipo vingi, nikanunua miche kumi na mbili ya mivinje kwenye viriba. Mama muuzaji akaniuliza napanda wapi, nikamwambia kwenye jiwe. Hakushangaa. Akasema basi chukua na udongo wa chini ya mvinje mzee, tia konzi moja kila shimo, ndo utapata vile vinundu, bila hivyo mti utakaa manjano manjano hadi ukate tamaa. Nimeandika kwa herufi kubwa kabisa: UDONGO WA MVINJE MZEE.

Usiku mamdogo kaiona ile miche kwenye kibaraza.
"Sasa hii mivinje wapeleka Tanga?"
"Ndiyo mamdogo."
"Haya." Akanyamaza vile wanavyonyamaza watu wazima wakiwa na jambo.

JUMATATU

Nimeaga mapema. Dogo kanifungia begi mwenyewe, kasema mjomba usifungue hadi ufike, kuna zawadi, nikajua kaniwekea mabuyu.

Feri, Ukunda, Lunga Lunga, miche yangu kwenye boksi la sabuni magotini kama mtoto mchanga, kila matuta nainua. Nikafika mpakani. Mtu mmoja wa ukaguzi kaniuliza kwa upole kabisa, kibali cha mimea kiko wapi. Kibali gani? Cha mimea mzee, huwezi kuvusha miche na udongo wake hivihivi, magonjwa. Nikaeleza habari ya shimo, nikaeleza 1971, nikaeleza jongoo, foleni nyuma yangu ikaanza kuguna. Yule bwana kasikiliza yote hadi mwisho alafu akachukua boksi. Na kusema kweli yuko sahihi, mi mwenyewe sikuuliza mtu.

Nikampigia dada kwa hasira, nikamwambia mivinje yangu kumi na mbili imebaki mpakani.

"Mivinje ipi?"
"Ya kupanda shimoni."
"Wewe. Mivinje si imejaa hapa baharini? Si ndo chini yake tunauzia viazi karai?"

Nikakaa kimya. Ndo nikaelewa mamdogo jana usiku alikua ananyamazia nini.

Tanga nimeingia saa kumi na moja. Nimeoga, nimekula, nimefungua begi nitoe nguo chafu, kwenye pembe kuna boksi la biskuti limetobolewa tobolewa kwa kalamu, ndani majani makavu ya mvinje. Mabuyu hakuna. Jongoo wawili. Mmoja yuko ndani ya boksi kajikunja kama kifungo cha koti. Mwingine nilimkuta kwenye soksi, na kelele nilizopiga jirani alikuja na panga.

Yani miche imezuiwa na hawa wamevuka mpaka bila hata kugonga muhuri! Nimempigia dogo, anasema mjomba si ulisema shimo lako halina.

Kaka yangu mkubwa kapita usiku kuulizia jibu la yule mtu wa taka, kanikuta nimechuchumaa uani na tochi na kijiko (kwa mkono bado siwezi, tusidanganyane). Nikamweleza kesho nakwenda ufukweni kuomba miche na ndoo mbili za udongo wa mvinje mzee, anipe mwaka, sio mwezi. Kauliza na hao wadudu ndo watapanda? Nikamwambia hapana, zamu yao bado, huko shimoni saivi watakula nini, hakuna hata jani moja. Nimewaweka chini ya mwembe wa bibi, kwenye majani yaliyooza, wasubiri.

Kaka kasema atafikiria. Alafu kaomba tochi, kainama, kaangalia kama dakika nzima hivi.

"Hii miguu mingapi?"

Nikamwambia ahesabu mwenyewe.